Valvu janja za redieta: ya paundi 25 au mfumo wa paundi 400?

Sisi tuliokulia pwani, rejeta tunayoijua ni ya gari, ile inayochemka lori likipanda Kitonga. Huku Uingereza ipo nyingine, wengi wetu tunaiita redieta, imefungwa ukutani chini ya dirisha na maji ya moto yanapita ndani yake. Ikifika Novemba, ugomvi wa nyumba ni juu yake: nani kaifungua, nani kaifunga, nani kaacha chumba kitupu kinapashwa moto mchana kutwa wakati mita ya gesi inakula hela kuliko LUKU ya umeme kule nyumbani.

Ndipo watu wanaponiuliza kuhusu hizi valvu janja, vichwa vyenye kioo kidogo vinavyofungwa kwenye redieta na kuamriwa kwa simu ili kila chumba kiwe na joto lake. Zipo za paundi 25 na zipo za paundi 80, na kwa macho zinafanana. Nimepanga nyumba ya vyumba vitatu Leicester yenye redieta saba. Nimeshatumia aina tatu kati ya nne nitakazozieleza hapa. Ya nne iko kwa dada yangu, nami ndiye niliyemfungia.

Kichwa ulicho nacho tayari

Kabla ya kununua chochote, kitazame kile kichwa cha plastiki chenye namba 1 mpaka 5 pembeni ya redieta. Ndani yake kuna nta au kimiminika kinachovimba kikipata joto. Kikivimba kinasukuma pini, pini inabana njia ya maji, redieta inapoa. Chumba kikipoa, kinasinyaa na maji yanapita tena. Hakina betri wala waya. Danfoss ya Denmark ilibuni kitu hiki mwaka 1943, na mpaka leo kinafanya kazi vilevile.

Kosa letu ni kukichukulia kama bomba la maji: baridi ikizidi tunakizungusha mpaka 5 tukidhani chumba kitapata moto haraka. Hakipati. Namba inasema chumba kifike joto gani ndipo maji yabanwe, basi. Kwenye vichwa vingi 3 ni kama nyuzi 20. Ukiweka 5, chumba kitapanda kwa mwendo uleule, kitazipita nyuzi 20, na baada ya saa mbili utafungua dirisha. Alama ya theluji ni ya kuzuia mabomba yasigande, kwa hiyo huacha chumba kishuke mpaka nyuzi 7 hivi. Si namba ya chumba cha kulala mtu.

Kwa hiyo kichwa cha kawaida tayari kinagawa joto chumba kwa chumba. Kisichojua ni saa. Hakijui kwamba saa mbili asubuhi watoto wameshaenda shule. Unachonunua kwenye valvu janja ni saa hiyo, pamoja na mota ndogo ya kusukuma pini mahali pa nta.

Kukataa na kuomba

Hapa ndipo nilipopotea, na ndipo bei zinapoachana.

Msimu wa kwanza nilinunua vichwa vinne vya bei nafuu. Chumba cha mtoto nikakiwekea nyuzi 20 kuanzia saa kumi na moja alfajiri, nikalala kwa raha zangu. Asubuhi chumba kilikuwa nyuzi 15, na kioo cha valvu kinasema 20, kimefunguka wazi kabisa. Valvu ilikuwa imefanya kazi yake. Tatizo lilikuwa chini, kwenye korido: thamostati ya nyumba, kifaa kinachopima joto na kuamua boila (mashine ya gesi inayopasha maji ya redieta zote) iwake au izime, ilikuwa inakaa pale karibu na jiko, korido ikawahi kupata joto, thamostati ikaona imetosha na kuizima boila. Valvu ya juu ikabaki imefungua mlango kwa mgeni asiyekuja.

Valvu ya bei nafuu inajua kukataa, haijui kuomba. Inaweza kulizuia joto lisiingie chumbani, lakini haina njia ya kuiambia boila iwake. Mfumo wa bei ghali, kama Drayton Wiser, tado° au Hive, unakuja na kifaa kinachounganishwa na boila yenyewe. Chumba kimoja kikipungukiwa, valvu yake inapeleka ombi na boila inawaka. Zile paundi mia mbili na ushee za ziada zinalipia ombi hilo kuliko uzuri wa kioo.

Basi swali la kwanza la kujiuliza dukani ni hili: kwangu, nani anawasha boila?

| | Cha kawaida | Chenye ratiba ndani yake | Zigbee (cha redio) cha bei nafuu | Mfumo kamili |
|---|---|---|---|---|
| Bei ya kimoja | £10–15 | £15–25 | £25–40 | £50–80 |
| Cha ziada | hakuna | hakuna | kisanduku cha kuunganishia, £20–30 | kifaa cha boila, £100 na zaidi |
| Kinaomba boila? | hapana | hapana | hapana, peke yake | ndiyo |
| Betri | hakina | 2 za AA | 2 au 3 za AA | mara nyingi 2 za AA |
| Redieta 5, jumla | karibu £60 | karibu £100 | karibu £175 | karibu £430 |

Bei hizo ni za kukadiria. Ukivizia punguzo la kiangazi, wakati hakuna anayefikiria baridi, utapata chini ya hapo.

Chenye ratiba ndani yake

Hiki unakipanga kwa vitufe au kwa Bluetooth ukiwa umesimama mbele yake: siku za kazi nyuzi 20 saa kumi na mbili asubuhi, nyuzi 16 saa mbili, na kadhalika. Hakihitaji intaneti, hakina akaunti, hakuna kampuni itakayokifungia huduma. Kwa mzee asiyetaka habari za simu, au nyumba ambayo kila siku inafanana na jana yake, sioni sababu ya kununua zaidi ya hiki.

Ila wengi wetu huku tunafanya kazi za zamu, hospitali, nyumba za wazee, maghala. Wiki hii unalala usiku, wiki ijayo unalala mchana. Kuzunguka vyumba vitano kila Jumapili ukibonyeza vitufe, baada ya mwezi utachoka, na valvu zitabaki na ratiba ya zamu iliyopita. Mke wangu alichoka baada ya wiki mbili.

Zigbee cha bei nafuu

Hapa ndipo wengi wanapoishia, nami pia. Sonoff, Aqara, Moes na wenzao wengi wanatengeneza vichwa hivi, na baadhi ya maduka ya vyakula ya bei rahisi huuza vya kwao msimu wa baridi. Zigbee ni njia ya redio inayotumia nguvu kidogo sana, ndiyo maana betri za AA zinaweza kufika mwaka na zaidi. Zipo valvu zinazotumia Wi-Fi moja kwa moja bila kisanduku, lakini Wi-Fi ni mlafi wa umeme. Shelly TRV, kwa mfano, ilipewa betri ya kuchaji kwa waya wa USB-C, na kuchaji kunageuka kazi nyingine ya nyumbani.

Zigbee ina tabia moja usiyoambiwa kwenye boksi. Vifaa vyake hupokezana ujumbe, lakini vile vya betri havipokezi, vinasikiliza na kulala tu. Wapokezaji ni vifaa vilivyochomekwa kwenye umeme. Nyumba zetu hizi za matofali zilizobanana, kisanduku kikiwa sebuleni, valvu ya chumba cha nyuma ghorofani inaweza kupotea mara mbili kwa wiki. Dawa yake ni soketi janja moja ya Zigbee ngazini, ya paundi 10 hivi. Nilihangaika mwezi mzima kabla ya kulijua hilo.

Jambo la pili ni joto linalosomwa. Kihisi kiko ndani ya kichwa, na kichwa kimekaa juu ya bomba la moto. Kitasema chumba ni nyuzi 21 wakati kitandani ni 18. Pazia refu likikifunika, au kochi likikibana, uongo unaongezeka. Weka kipimajoto cha kawaida katikati ya chumba, mbali na jua, subiri saa mbili boila ikiwaka, kisha uingize tofauti kwenye programu. Kwangu ilikuwa kutoa 3 sebuleni na kutoa 2 vyumbani. Vichwa vingine vinakubali kusoma kihisi cha nje unachokiweka mezani, na kwa chumba chenye pazia zito hiyo ndiyo njia. Mifumo ya bei ghali nayo haijaponywa ugonjwa huu, kwa kuwa kichwa chake kimekaa palepale. Imezidi kidogo tu kwa hesabu nzuri zaidi.

Tatu ni kelele. Mota ina meno, na saa kumi na moja alfajiri inalia krrr. Watu wazima wanazoea. Mtoto mchanga, inategemea.

Nne ni nani mwenye seva. Vichwa vingi vya bei nafuu hupitisha amri zako kwenye programu ya mtengenezaji na mashine zake za mbali. Siku moja ya Januari programu niliyokuwa nayo iligoma kufunguka tangu asubuhi hadi jioni. Ratiba iliyohifadhiwa ndani ya valvu iliendelea, bahati nzuri, lakini nisingeweza kubadili kitu. Ukiwa mtu wa kompyuta, Home Assistant ni programu ya bure unayoweza kuiweka kwenye kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, na valvu za Zigbee zikafanya kazi zote ndani ya nyumba bila kwenda nje. Kwa njia hiyo hata ombi la boila linawezekana, ukiongeza swichi kwenye nyaya za boila. Nyaya hizo ni za fundi, na kwenye nyumba ya kupanga ni za mwenye nyumba kwanza.

Mfumo kamili

Kwa dada yangu, anayemiliki nyumba, kifaa cha boila kilifungwa na fundi kwa muda usiofika saa moja. Baada ya hapo kazi yote ikawa nyepesi: kila chumba kinaomba chenyewe. Sitaki kurefusha maneno, ni kizuri. Ila kabla hujalipa, soma kwa makini ni huduma zipi zimo kwenye bei na zipi zinalipiwa kila mwezi. Valvu inayojizima yenyewe wote mkitoka nyumbani inaweza kuwa kwenye kundi la pili.

Kuna mtego unaowapata hata wenye mfumo huu. Boila nyingi za kombi, zile zinazopasha maji ya bomba na ya redieta bila tangi, haziwezi kuwaka kidogo sana. Ya chini kabisa inaweza kuwa kilowati 5 au 7, na redieta ya chumba kidogo inatoa kama kilowati 1. Chumba kimoja kikiomba peke yake, boila inawaka, maji yanachemka upesi kwa kukosa pa kwenda, inazima, inawaka tena. Gesi inapotea na boila inachakaa. Kwa hiyo usikate nyumba vipande vidogo mno. Vyumba vya kulala vipeni saa moja ya kuamka, vyote pamoja. Na redieta moja iachwe wazi siku zote, ya korido au ya bafuni, ili pampu isikute milango yote imefungwa, isipokuwa kama fundi amekuhakikishia kuna njia ya mzunguko inayojifungua yenyewe.

Nikiwa bado kwenye boila: kombi nyingi hupeleka maji ya redieta kwa nyuzi 70 au 80. Ukishusha mpaka 60 au chini kidogo, maji yanarudi yakiwa chini ya nyuzi 55, na hapo ndipo boila ya kisasa inapoweza kuvuna joto la mvuke wake badala ya kuutupa nje. Ni kitufe au kirungu kimoja, hakigharimu hata senti. Laiti ningeambiwa hili kabla sijanunua valvu yoyote! (Nyumba yenye tangi la maji ya moto ina masharti yake, muulize fundi. Na mwenye pampu ya joto asifuate makala hii. Yake inapenda redieta zilizofunguka na moto wa polepole mchana kutwa.)

Ujerumani ni hadithi nyingine

Shemeji yangu yuko Dortmund, ghorofa ya tatu. Nilipomweleza habari za boila na thamostati ya korido akacheka. "Shemeji, huku boila hata sijui iko wapi. Redieta naikuta ina moto tu."

Kwake jibu ni rahisi. Boila ni ya jengo zima, inawaka bila kumuuliza mtu, kwa hiyo valvu haina haja ya kuomba. Kukataa kunatosha. Kununua mfumo wa kuamuru boila kwa mpangaji wa namna hiyo ni kutupa hela. Tena kwenye majengo mengi ya Ujerumani kila redieta ina kipimo chake, na kanuni inataka kati ya asilimia 50 na 70 ya gharama ya joto igawanywe kwa matumizi ya kila nyumba, kwa hiyo unachokataa kinaonekana kwenye bili ya mwaka. Akiwa na FRITZ!Box, ruta ya intaneti, kama majirani zake wengi, vichwa vya FRITZ!DECT vinaungana nayo bila kisanduku kingine. La kuangalia ni saa: majengo mengi hupunguza moto usiku, na ukipanga valvu ifunguke saa kumi alfajiri itafungukia maji ya uvuguvugu.

Hesabu

Chukua nyumba inayotumia kWh 10,000 za gesi kwa mwaka, peni 6 kila moja. Ni paundi 600, bila ada ya kila siku. Tuseme ratiba za vyumba zimepunguza asilimia 10, yaani paundi 60. Vichwa vyenye ratiba vinajilipa kabla ya miaka miwili, Zigbee ndani ya miaka mitatu, mfumo kamili unapita miaka saba, bila kuhesabu betri, kama paundi 5 kwa mwaka.

Hiyo asilimia 10 ni ya kwangu ya kupigia hesabu tu. Nyumba ambayo bibi yupo, mtoto mchanga yupo, na kila chumba kina mtu kutwa, hakuna cha kupunguza, na hata valvu ya paundi 25 ni hasara. Faida iko kwenye vyumba vinavyokaa vitupu saa nyingi.

Vitupu, lakini visiwe barafu. Chumba kikiachwa nyuzi 12 siku nzima huku jikoni ugali na maharage vinatoa mvuke na kanga zinakauka juu ya redieta, mvuke huo utapanda ngazi na kugeuka jasho kwenye ukuta baridi, na ukutani utaota ukungu mweusi nyuma ya kabati. Mimi sishuki chini ya 16 popote, na milango ya vyumba vya baridi hufungwa. Shirika la Afya Duniani linashauri nyuzi 18 kwa nyumba za nchi za baridi, na mwenye mtoto au mgonjwa wa kifua aanzie hapo, kisha ndipo afikirie bili.

Kabla ya kubonyeza kitufe cha kununua

Fungua kichwa cha zamani kwa mkono. Kama chini yake kuna pini ndogo ya chuma, uko sawa. Kama kuna kirungu cha kufungua na kufunga tu bila namba, hiyo si valvu ya thamostati. Kubadili mwili wake ni kumwaga maji ya mfumo, kwa hiyo ni kazi ya fundi na gharama nyingine. Kile kifuniko kidogo upande wa pili wa redieta usikiguse, kinadhibiti mgawanyo wa maji nyumba nzima. Nati nyingi ni kipimo cha M30 x 1.5, lakini Danfoss wana mshiko wao, na zipo za M28. Boksi nyingi zina adapta kadhaa, soma orodha kwanza. Na pini isukume kwa kitu bapa: ikishuka na kurudi yenyewe ni nzima. Ikiganda, igonge polepole, usiivute kamwe kwa koleo, maji yatakuogesha.

Kichwa hakigusi maji, kwa hiyo mpangaji hubadili mwenyewe na siku ya kuhama anarudisha. Vya kwangu vya zamani vimo kwenye mfuko chini ya ngazi, kila kimoja kimeandikwa jina la chumba chake.

Nilichobaki nacho

Zigbee nne: sebuleni, chumba chetu, chumba cha mtoto na kile cha wageni. Bila kifaa cha boila. Thamostati ya nyumba yangu haina waya, ina betri na kisimamio, na siku moja nikajiuliza kwa nini inakaa koridoni. Sasa mchana inakaa sebuleni, na valvu ya sebuleni imeachwa wazi, ili boila iwake kwa ajili ya chumba tunachokaa. Saa mbili usiku inabebwa juu hadi chumba cha mtoto, valvu ya huko inafunguka kwa ratiba, ya sebuleni inajifunga. Ombi la paundi 250 nimelipata kwa kupanda ngazi. Kasoro yake ni siku tunapoisahau chini, na kwa hilo mtoto ameshajua kuuliza kabla ya kusali na kulala: "Baba, thamostati imekuja?"